Cheche Bila Kiberiti

Lornah alikuwa mtu wa kuamka mapema. Kabla ya saa mbili asubuhi, milango ya karakana yake pale Satellite, mtaa wa Nairobi, ilikuwa imeshafunguliwa, sakafu imefagiliwa, na chupa ya chai iko juu ya dirisha pamoja na vikombe vitatu. Vikombe vilikuwa vitatu kwa sababu wafanyakazi walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa Lornah mwenyewe. Yeye alikata vitambaa na kushona kava za sofa. Wa pili alikuwa Zadock, mume wake na baba wa mtoto wao Lenox, ambaye alipasua mbao na kuunda fremu. Wa tatu alikuwa Shem, mwanamume wa makamo kutoka Busia. Kazi ya Shem ilikuwa kubandika sponji kwenye fremu. Alipaka gundi kwa brashi, akangoja kidogo, kisha akaibandika sponji na kuikandamiza kwa viganja. Sofa aliyobandika Shem haikulegea. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka sita, na katika miaka hiyo yote Lornah hakuwahi kumsikia akipandisha sauti.

Mwaka ule, Februari ilikuwa kavu kupita kiasi. Mvua ya mwisho ilinyesha kabla ya Krismasi. Vumbi lilitanda barabarani. Midomo ya watu ilipasuka, na ngozi ikapauka hata baada ya kupakwa mafuta. Asubuhi kulikuwa na baridi, kwa hiyo Lornah alivaa koti zito la manyoya ya plastiki alilonunua mtumbani. Chini walikuwa wametandika zulia la plastiki, ili vitambaa vya wateja visichafuke.

Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Siku moja Lornah aligusa komeo la mlango. Tap! Kitu kikamfinya kidoleni.

"Uwi!" alipiga kelele.

Zadock akacheka. "Ni nini tena, Mama Lenox?"

"Huu mlango umenishika! Kama stima."

Zadock akaja, akaushika mlango. Hakuna kitu. Akamfuata mkewe, aliyekuwa amerudi kuvuta kitambaa mezani, akamshika mkono ili amcheke vizuri. Tap! Safari hii Zadock ndiye aliyeruka.

"Ai! Kwani siku hizi unatembea na stima mwilini?"

Wote watatu walicheka. Lakini Zadock hakupenda mchezo na umeme. Alidhani labda kuna waya uliochubuka ukutani. Akazima swichi kubwa, ile inayokata umeme wa karakana yote. Taa zikazimika. Cherehani ikanyamaza.

"Sasa gusa," akasema.

Lornah akavuta kitambaa kimoja mezani, akatembea hadi mlangoni, akagusa komeo. Tap!

Wakatazamana. Stima ilikuwa imezimwa, na bado kidole kilifinywa. Zadock akatikisa kichwa, akawasha swichi, akarudi kwenye mbao zake. Kazi ilikuwa nyingi, nao hawakulizungumzia tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Bi Emmah, mteja kutoka Kileleshwa. Alitaka sofa ya watu saba, ya kitambaa cha mahameli, rangi ya buluu. Alikuwa anahamia nyumba mpya, na aliitaka sofa hiyo Jumamosi ya wiki iliyofuata. Bi Emmah alikuwa na marafiki wengi wenye nyumba zao. Lornah alijua kwamba sofa moja nzuri ingeweza kuleta nyingine kumi.

Jumanne, mnamo saa nne, Lornah alikuwa kwenye cherehani. Shem alikuwa upande wa pili wa chumba, na debe la gundi liko wazi kando yake. Sponji mpya zilikuwa zimefungwa kwa nailoni. Shem aliivuta nailoni kwa nguvu, ikatoka ikilia kama mahindi yanayokaangwa. Akaitupa kando. Akainama kuchovya brashi.

Mara Lornah akasikia mlio wa "fuu!", kisha sauti ya Shem: "Moto! Tokeni!"

Mwali ulikuwa umeruka kutoka debeni hadi kwenye sponji. Shem hakukimbia. Alichukua kifuniko cha debe akakibamiza juu ya debe, kisha akalivuta gunia na kuupiga moto uliokuwa kwenye sponji. Zadock aliingia mbio na ndoo ya mchanga. Kaluki, mama anayeuza mapazia duka la pili, akaleta mchanga mwingine. Watu wa barabara yote wakajaa mlangoni.

Moto ulizimwa. Vipande vitatu vya sponji viliteketea na mguu wa fremu moja ukawa mweusi. Nywele za mkono wa Shem zilikuwa zimeungua hadi kwenye kiwiko.

Zadock aliutazama ule mguu mweusi wa fremu. Karakana ile ilikuwa jasho lake la miaka kumi na moja.

"Shem, ulikuwa unavuta sigara?"

"Hapana, Baba Lenox. Niliacha tangu Pasaka ya mwaka jana. Wewe unajua."

"Moto haujiwashi wenyewe! Gundi hii imekaa hapa miaka na miaka. Leo iwake yenyewe?"

"Nimesikia kitu kimelia tap. Halafu nikaona moto. Ni hivyo tu."

"Tap! Kiberiti ndicho hulia hivyo," mtu mmoja alisema mlangoni, na wengine wakacheka.

Zadock akamwambia Shem ageuze mifuko yake, hapo hapo, mbele ya watu wote. Shem akaigeuza. Kulikuwa na kitambaa cha kufutia jasho, funguo na simu. Kiberiti hakikuwepo.

"Amekitupa kwenye moto," sauti ikasema.

Shem akamgeukia Lornah. Macho yake yaliuliza kitu. Lornah alijua yalichouliza. Angeweza kusema, "Mimi namwamini." Lakini harufu ya moto ilikuwa bado puani mwake, na alichosema ni hiki: "Shem, sema ukweli tu. Tutakusamehe."

Shem alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza. Watu wakampisha njia. Akaenda zake.

*

Alhamisi Zadock alikwenda kununua mbao. Lornah alibaki peke yake. Kwa kuwa Shem hakuwepo, kazi ya gundi ilikuwa yake.

Alifungua debe. Kisha akakumbuka kwamba hajapima mahameli ya Bi Emmah. Akalivuta jora la kitambaa kutoka kwenye nailoni yake, akalikunjua haraka haraka juu ya meza. Lilitoa milio midogo midogo. Jua lilikuwa limepanda, naye akasikia joto, akavua lile koti zito. Nalo likalia. Nywele zake zikasimama.

Akanyoosha mkono kuchukua brashi iliyolala juu ya ukingo wa debe.

Tap!

Safari hii aliiona kwa macho yake. Cheche ndogo ya buluu ilitoka kwenye ncha ya kidole chake, ikaruka hadi kwenye bati la debe. Papo hapo mdomo wa debe ukawaka.

Lornah hakupiga kelele. Alifanya kama alivyomwona Shem akifanya. Alikishika kifuniko, akalifunika debe na kukikandamiza. Moto ukakosa hewa. Ukafa. Vidole viwili vilikuwa vimebabuka, na chumba kimejaa harufu.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, mkono ukiwa ndani ya beseni la maji. Jambo la kwanza lililomjia akilini halikuwa sofa wala karakana. Alimkumbuka Shem akigeuza mifuko yake.

Zadock aliporudi alimkuta bado pale.

"Moto umewaka tena," Lornah alisema. "Nilikuwa peke yangu. Mimi sivuti sigara, Baba Lenox. Na sikuwa na kiberiti."

Zadock aliketi kando yake.

Kaluki alikuwa amesikia. Akasogea, akashusha sauti. "Mimi nawaambia, kuna mtu hapendi kazi yenu iendelee. Hivi vitu vipo. Tafuteni mtu awasaidie."

"Mama, huo moto umetoka kwenye kidole changu," Lornah akajibu. "Nimeuona ukitoka. Kwanza nataka kujua uliingia vipi."

Tangu wakati huo hakuruhusu debe la gundi lifunguliwe. "Hatufanyi kazi hii mpaka nijue," alimwambia mumewe. Zadock alitazama fremu zilizokuwa zinangoja, akameza maneno yake.

*

Ijumaa asubuhi Lornah alikwenda kituo cha mafuta kilicho karibu kununua mafuta ya taa. Lori kubwa la mafuta lilikuwa limefika, tayari kumimina petroli kwenye tangi la chini ya ardhi. Mwanamume mwenye ndevu za mvi na kofia ya kazi alikuwa anavuta waya mrefu. Mwisho wa waya ulikuwa na kibanio cha chuma. Akakibana kibanio kwenye mwili wa lori, akakitikisa kuona kama kimeshika. Hapo ndipo alipoanza kuunga mpira wa kupitishia mafuta.

Lornah alikuwa amepita hapo mara nyingi. Hakuwahi kuuona ule waya. Akasogea.

"Simama hapo hapo, dada!" mwanamume yule akasema. "Usivuke hizo koni za onyo."

"Samahani, baba. Nauliza tu. Huo waya ni wa nini?"

"Huu? Huu ndio unaonifanya nilale usingizi." Akatabasamu. "Unakwenda ardhini. Lori likitembea, na mafuta yakipita kwenye mpira, kunatokea umeme. Usipoutafutia njia, utaruka wenyewe. Ukiruka hapa kwenye petroli, mimi na wewe hatuonani tena."

"Huo umeme... hulia tap?"

Mwanamume yule akamtazama vizuri. Akaviona vidole vyake vilivyofungwa kitambaa. "Ningoje pale kivulini," akasema. "Nikimaliza hapa nakuja."

Jina lake lilikuwa Abdulrauf. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na alikuwa amesimamia vituo vya mafuta kwa miaka ishirini. Alimsikiliza Lornah mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza maswali yake. Alivaa nguo gani siku hiyo? Viatu gani? Chini pana nini? Kitambaa kilikuwa cha aina gani? Kila Lornah alipojibu, Abdulrauf aliitikia kwa kichwa.

"Leo ni Ijumaa," alisema mwishoni. "Nikitoka msikitini nitapita kwenu. Usilifungue hilo debe."

Alifika saa nane na nusu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza gundi iko wapi. Walipomwonyesha, akalibeba debe, likiwa limefungwa vizuri, akalipeleka nje mbali. Akafungua madirisha yote.

"Sasa tunaweza kucheza," akasema. "Mna kichana cha plastiki?"

Lornah akatoa kichana. Abdulrauf akachana gazeti vipande vidogo kama punje za mchele, akavimwaga mezani. Akakisogeza kichana juu yake. Vipande havikusogea.

"Sasa nipe lile koti lako."

Akakisugua kichana kwenye koti, mara kumi hivi, kwa nguvu. Akakisogeza tena. Vipande vya karatasi vikaruka kutoka mezani, vikang'ang'ania kichana.

Zadock alisogea karibu. "Kina sumaku?"

"Si sumaku. Ni umeme. Sikilizeni. Kila kitu duniani kimejaa chembe ndogo za umeme. Meza hii inazo, koti linazo, wewe unazo. Hatuzioni kwa macho. Wataalamu huziita elektroni. Siku zote chembe hizi zinalingana na nyingine zilizo kinyume chake, kwa hivyo hatusikii kitu. Lakini ukisugua vitu viwili halafu ukavitenganisha, baadhi ya elektroni hutoka kwenye kitu kimoja zikabaki kwenye kingine. Huku zimezidi. Kule zimepungua. Na zile zilizozidi hutafuta njia ya kuondoka."

"Kwa hiyo stima ya ukutani haihusiki?" Zadock akauliza. "Nilizima swichi, na bado ikatufinya."

"Haihusiki kabisa. Ya ukutani hupita kwenye waya bila kusimama. Hii hukaa tu pale ilipo, ikingoja. Ndiyo maana huitwa umeme tuli. Tuli, yaani umetulia. Nayo hukaa sana kwenye vitu kama plastiki, nailoni na sponji, kwa sababu humo haiwezi kutembea."

Lornah alikuwa anatazama chini. "Na mimi? Mimi si plastiki."

"Wewe umeme unapita mwilini vizuri sana. Lakini tazama unaposimama. Slipa za mpira, juu ya zulia la plastiki. Umevuta kitambaa, umevua koti, umejaa umeme, na hauna pa kutokea. Ukinyoosha kidole kwenye chuma, umeme unaruka. Hiyo ndiyo tap."

"Mbona miaka yote hatukuona hivi?" Zadock akauliza. Hakuwa akibisha. Alitaka kujua.

Abdulrauf akakichovya kichana kwenye maji, akakisugua tena kwenye koti kikiwa kimelowa, akakisogeza kwenye karatasi. Hakuna kilichoruka.

"Maji huupa njia. Siku za mvua hewa ina unyevu, na unyevu huo hukaa juu ya kila kitu. Umeme unapungua kidogo kidogo bila nyinyi kujua. Sasa hivi hewa ni kavu. Na hilo zulia, mmelitandika lini?"

"Januari," Lornah akasema polepole.

"Basi."

"Na hiyo cheche, inaweza kuua mtu?"

"Yenyewe, hapana. Inafinya tu. Nyumbani ukifinywa na mlango, cheka uendelee na shughuli zako. Hatari ni kile kilicho karibu. Gundi yenu ina mvuke unaoshika moto upesi, kama petroli. Mvuke huo hukaa pale mdomoni pa debe. Hauhitaji moto mkubwa. Cheche moja inatosha."

Zadock alikuwa ameegemea fremu ile yenye mguu mweusi.

"Yule mtu wetu alituambia alisikia tap," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuwa ametoka kuvuta nailoni kwenye sponji. Alituambia. Sisi tukamkagua mifuko."

Abdulrauf akamrudishia Lornah kichana.

*

Shem hakupokea simu. Jumamosi waliambiwa kwamba anafanya kazi ya siku Kenyatta Market, kwenye kibanda cha nyama choma. Lornah na Zadock wakaenda.

Walipita katikati ya wasusi waliokuwa wakiwaita wateja, wakafika upande wa nyama. Shem alikuwa amesimama mbele ya makaa, koleo mkononi, uso ukiwaka jasho. Aliwaona. Akageuza mbavu kwanza, kisha akasema:

"Karibuni. Huku nalipwa kuwasha moto."

Haikuwa mzaha, ingawa ilisemwa kama mzaha.

Zadock alikuwa amejitayarisha na maneno mengi njiani. Yote yakampotea. "Shem, tulikukosea," alisema. "Haikuwa wewe."

Lornah akamwonyesha vidole vyake. Akamweleza yote: cheche ya buluu, waya wa lori, kichana na karatasi. Shem alisikiliza huku akigeuza nyama. Lornah alipofika pale pa nailoni, mkono wa Shem ulisimama.

"Ile nailoni ilikuwa inalia," akasema. "Nywele za mkono zilisimama. Nikadhani ni baridi."

"Rudi kazini," Zadock akasema. "Tafadhali."

Shem akaweka koleo chini. "Kazi si neno. Nitarudi. Lakini Baba Lenox, wewe hukunishtaki faraghani, jikoni kwako. Ulinikagua mbele ya barabara nzima. Juzi nimepita pale, mtu akaniita Kiberiti. Nina binti anasoma shule ile ya karibu. Nitarudi mkinisafisha pale pale mliponichafua."

Zadock alikuwa mtu mwenye fahari. Lornah aliiona shingo yake ikikaza. Lakini yeye alijua deni lake mwenyewe katika jambo lile, na hakumngojea mumewe.

"Jumatatu asubuhi," akasema. "Nitasema mimi."

*

Jumatatu waliamkia kazi nyingine kabla ya kazi. Abdulrauf alikuja na fundi wa umeme anayemwamini, jina lake Muthama. Nyuma ya karakana kulikuwa na kibanda cha mabati kisicho na kuta, sakafu yake udongo mtupu. "Gundi ihamie hapa," Abdulrauf akasema. "Upepo unapita, mvuke haukai."

Muthama alipigilia chuma kirefu ardhini, kikazama hadi kikabaki kipande kifupi tu juu. Akamwaga maji pale kwenye udongo. Akaunga waya wa shaba kutoka kwenye chuma hicho hadi kwenye meza ya bati, na waya mwingine wenye kibanio cha kushika debe la gundi. Akapigilia chuma cha pili nje ya mlango wa nyuma wa karakana, penye njia ya kwenda kibandani, mbali na gundi.

"Hicho cha mlangoni ni cha mtu," Abdulrauf akaeleza. "Kila anayekwenda kwenye gundi akiguse kwanza. Umeme wake uishie hapo, si kwenye debe. Vitambaa na sponji mvifungulie kule ndani, polepole, mkifika huku mmeshamaliza. Chini mnyunyize maji. Vaeni pamba, si manyoya ya plastiki. Na ile ndoo ya plastiki mnayomiminia gundi kutoka debeni, itupeni. Plastiki hata ukiifunga waya, umeme hautoki. Tumieni kopo la bati."

"Na ukinunua petroli kwa mtungi?" Zadock akauliza. Siku hizi maswali yalikuwa yanamtoka mengi.

"Utoe kwenye gari, uuweke chini kwenye sakafu ndiyo ujazwe. Usijazie mtungi ukiwa ndani ya buti ya gari. Kila siku nagombana na watu kwa hilo."

Ilipofika saa tatu, Lornah alitoka nje akamwita Kaluki. Akawaita watu wa duka la simu, wa kinyozi na wa bucha. Wakaja, wengine vikombe mkononi. Shem alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma.

"Wiki jana," Lornah akasema, "tulimwambia Shem mbele yenu kwamba amechoma karakana yetu kwa sigara. Tulikosea. Yeye ndiye aliyeuzima ule moto. Alisema ukweli, na mimi nilimwambia aseme ukweli. Shem, nisamehe."

Zadock akasogea. Fahari yake ilipigana naye kidogo, kisha ikaachia. "Na mimi," akasema. Akamnyooshea Shem mkono. Wakashikana mbele ya wote.

"Sasa moto ulitoka wapi?" mtu wa bucha akauliza.

Lornah akatoa kichana mfukoni. Akavua lile koti, akachana gazeti, akafanya kama alivyofanya Abdulrauf. Karatasi ziliporuka, watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Kaluki akakiomba kichana ajaribu mwenyewe. Alijaribu mara tatu. Ya tatu akacheka kama msichana.

"Kumbe ndiyo maana mapazia ya nailoni hunishika!" akasema. "Na mimi nilikuwa nafikiria mambo mengine."

Wiki ile walifanya kazi bila kupumzika. Shem alikigusa chuma kila alipopita mlangoni, hata alipokwenda kunywa chai. Hakuna debe lililowaka. Jumamosi sofa ya buluu ilipandishwa kwenye pikapu, ikapelekwa Kileleshwa. Bi Emmah alikaa, akainuka, akakaa tena upande wa pili. Alipogusa kitasa cha dirisha la chuma, akaruka.

"Haa! Hii sofa ina stima?"

Lornah akacheka. Akaketi naye akamweleza, bila haraka, kwamba hiyo haina madhara, na kwamba itapungua mvua zikianza. Bi Emmah alisikiliza kwa makini. Kisha akamwomba namba ya simu kwa ajili ya dada yake.

Mwaka uliofuata Februari ilikuja kavu vilevile. Karakana ya Lornah ilikuwa imepata wafanyakazi wawili zaidi. Siku moja Mwololo, mwenye karakana kubwa ya sofa upande wa Kawangware, alifika akiwa na wasiwasi. Debe lake lilikuwa limewaka asubuhi hiyo, na alikuwa anajiuliza amfukuze nani.

"Usimfukuze mtu," Lornah akamwambia. "Nakupa mtaalamu wetu wa gundi." Akamwita Shem.

Shem alichukua vyuma viwili, waya, kibanio na nyundo. Siku nzima alikuwa kwa Mwololo. Jioni Lornah alipopita kumchukua, aliwakuta wafanyakazi wote kumi na wawili, vijana wenye vifua vipana, na Mwololo mwenyewe akiwa nyuma yao. Walikuwa wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja akingoja zamu yake ya kugusa chuma. Shem alikuwa amesimama mbele. Mmoja alijaribu kupita bila kugusa.

"Wewe," Shem akasema kwa sauti yake ile ya chini. "Rudi nyuma."

Yule kijana akarudi nyuma.